Mauti katika Tanzia za Kikristo: Mtazamo kutoka Busunzu

Mshairi wa wilayani, hata kama jina lake halijapata kuchapwa mahali popote, anayo kazi moja isiyompita mwaka, nayo ni kutunga tanzia. Harusi yaweza kupita bila shairi, na sikukuu za Taifa zina kwaya na ngonjera za wanafunzi. Lakini akifa mtu mwenye heshima zake, mjumbe hutumwa kwa mshairi jioni ile ile, naye hukesha akihesabu mizani kwa vidole. Sisi tumeutumikia ukarani wa serikali kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na kwa muda huo wote tumetunga tanzia nyingi kuliko mashairi ya namna nyingine yoyote. Kwa hiyo yale tutakayoyasema juu ya udhaifu wa tungo hizi yanatuhusu sisi kwanza, na msomaji asidhani kwamba tunawanyoshea wenzetu kidole.

Dai letu ni hili. Tanzia nyingi zinazotungwa na Wakristo katika lugha ya Kiswahili hazisemi kwamba mtu amekufa. Zasema amesafiri, ameitwa, ametangulia, amepumzika, amelala. Mtunzi hutangaza ubeti baada ya ubeti kwamba mauti hayamtishi tena, na papo hapo anaogopa hata kuyataja kwa jina.

Jambo hili hatukuligundua kwa kusoma vitabu. Tulionyeshwa. Katika kigango kimoja cha Busunzu, wilaya ya Kibondo, alikufa mzee aliyekuwa katekista kwa miaka mingi, mtu aliyezika watu wengi kwa mkono wake kwa kuwa padre alikuwa mbali na barabara hazipitiki wakati wa masika. Tukaombwa tanzia, tukatunga beti nane, tukazisoma kando ya kaburi. Watu waliguna kwa kuridhika, na kijana mmoja akaomba nakala. Ubeti wa tatu, ambao siku ile tuliuona kuwa bora kuliko yote, ulikuwa huu:

Mzee amesafiri, kaenda kwake Babaye,
Ameivuka bahari, malaika wako naye,
Huko hakuna hatari, wala adui ajaye,
Tusilie tusubiri, zamu yetu yawadia.

Matanga yalipoisha, mjane wa marehemu akatuita ndani, akatutaka tumsomee tena polepole. Tukasoma. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, humu ndani mume wangu hafi. Amesafiri tu. Basi yule tuliyemzika ni nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulidhani kwanza kwamba bibi yule hakuizoea lugha ya mafumbo, maana ndivyo sisi watunzi tunavyojitetea tukikosolewa. Lakini aliendelea kusema, na maneno yake yakatuonyesha kwamba aliielewa lugha yetu kuliko sisi wenyewe. Kaka yake mkubwa, alisema, aliandikishwa kwenda Tanga kukata mkonge wakati wa Mwingereza. Hakurudi. Hakuna barua iliyofika wala mwenziwe aliyeleta habari. Kwa miaka na miaka, kila mgeni alipouliza, mama yao alijibu neno moja: amesafiri. Mama yule alikufa akilisema neno hilo, na kaka yule hana kaburi mpaka leo.

Hapa yafaa tutue kidogo, maana jambo hili ni kubwa kuliko nyumba moja. Buha, yaani nchi ya Kasulu na Kibondo, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa manamba wengi kwa mashamba ya mkonge. Mawakala wa SILABU, shirika la wenye mashamba la kutafuta vibarua, waliwachukua vijana wa nyanda hizi, wakawapakia garimoshi, nao wakaenda kwa mkataba na kipande mkononi. Wengi walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi. Kwa hiyo mtunzi wa pwani akisema "amesafiri" huenda msikilizaji wake akaona jahazi na upepo mwema; akilisema Busunzu, bibi mwenye umri wa miaka themanini huona mlango ambao mama yake aliuangalia mpaka macho yakaisha nguvu. Istiara hii haina upole wowote kwake. Inamrudishia msiba ule wa kwanza uliokosa kaburi, na kumnyang'anya huu wa pili ambao angalau una kaburi.

Tukaenda nyumbani na aibu yetu, tukafungua Injili ya Yohana sura ya kumi na moja, inayosomwa mara nyingi katika mazishi ya Kikristo. Tuliisoma kwa jicho la mhakiki, na ajabu yake ni kwamba kisa kile chenyewe ni somo la matumizi ya lugha. Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba Lazaro amelala. Wao wanalipokea neno kwa maana ya kawaida na kufurahi, kwa kuwa mgonjwa akipata usingizi atapona. Ndipo Yesu anapoacha istiara na kuwaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Tasfida imejaribiwa, imeshindwa, imesahihishwa, na msahihishaji ni Bwana mwenyewe. Mbele kidogo Martha anataja siku nne na harufu, jambo ambalo hakuna mtunzi wetu angethubutu kulitia katika mizani. Na kabla ya hayo Yesu analia, ingawa anajua atakalolifanya muda mfupi baadaye. Sisi tuliandika "tusilie". Tulimkataza mjane kitu ambacho Mwokozi wake hakujikataza.

Wako watakaotujibu kwa kumtaja Mtume Paulo na waraka wake kwa Wathesalonike. Na wausome vizuri. Paulo hawakatazi Wakristo huzuni. Awakataza huzuni ya namna moja, ile ya watu wasio na tumaini. Na Kanisa lenyewe halikuficha jambo. Kila Jumatano ya Majivu Mkristo hupakwa majivu na kukumbushwa kwamba ni mavumbi, na mwezi mzima wa Novemba Wakatoliki huwaombea marehemu. Mtu huyo huyo aliyepakwa majivu Februari, Agosti husimama kaburini akiimba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Udhaifu huu umetoka wapi? Baadhi yake umetoka katika nyimbo. Nyingi zilizomo katika Tenzi za Rohoni ni tafsiri kutoka lugha za Ulaya, zenye mito ya kuvuka na ng'ambo yenye nuru, nasi tuliokulia kwenye kwaya tulizipokea picha hizo kabla hatujajua kutunga. Hatusemi zitupwe, zimewafariji wazazi wetu, na tungali tunaziimba. Lakini mshairi anayekopa picha ya tafsiri bila kuipima kwa ardhi yake hatungi, ananakili.

Sababu nyingine ni kwamba tulipojifunza ushairi kwa mabingwa wa pwani tulichukua vina na mizani, tukauacha ushujaa. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, haimwonei mtu haya. Mtunzi anauhoji moyo wake mwenyewe, anaupitisha katika majumba ya Pate yaliyobomoka, mahali palipokuwa na taa na wageni na sasa pana popo na buibui, kisha anauuliza kwa nini haujasadiki. Walimu wa Kibondo wamepata kutuambia kwamba wanafunzi huuona utenzi huu kuwa mgumu na wa mbali. Sisi twaona kwamba hauko mbali. Mwanafunzi na apelekwe kwenye mahame. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kiingereza uliwakusanya watu wengi wa sehemu hizi katika makazi maalumu kwa sababu ya malale, na mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma ya kuwahamishia wananchi vijijini. Mara zote mbili nyumba ziliachwa na makaburi yakaachwa. Yuko kijana anayepita kila siku kando ya migomba iliyosalia peke yake porini, mahali alipozikwa babu wa babu yake, na bado tunamwambia kwamba Pate ni ngeni kwake!

Shaaban Robert naye, alipomlilia mkewe, alimtaja kwa jina, na shairi hilo la Amina alilitia ndani ya habari za maisha yake. Mtu asomaye hulazimika kukubali kwamba mwanamke fulani alikuwapo na sasa hayupo. Hao wawili ni Waislamu, na tumaini lao wanalo. Tumaini hilo halikuwazuia kutazama.

Je, Wakristo hatuna mfano wa kwetu? Tunao, ila haumo katika tanzia. Mathias Mnyampala, karani na hakimu kutoka Ugogo, aliyefariki mwaka 1969, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Mwalimu Julius Nyerere naye aliziweka Injili nne katika tenzi, zikachapwa mwaka 1996. Mtu anayesimulia mateso ya Ijumaa Kuu kwa tenzi hana pa kukimbilia: kisa chenyewe kinamdai msalaba, pumzi ya mwisho, sanda na jiwe la kaburi, na ufufuko hauwezi kuja kabla ya hayo. Ndiyo sababu twasema utenzi wa Kikristo umekuwa na uti wa mgongo ambao tanzia ya Kikristo imeukosa. Mwalimu alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, nchi nzima ilitunga. Tungo nyingi tulizozisikia wakati ule zilimwambia kwamba hajafa. Sisi pia tulitunga hivyo. Tulimkana kifo mtu aliyekuwa ametumia miaka yake ya uzeeni kukisimulia kifo cha Bwana wake aya kwa aya.

Kwa upande wa pili amesimama Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020. Alisoma katika seminari, na misamiati ya Kikristo imeenea katika kazi zake. Lakini katika Kichwamaji ya mwaka 1974 Kazimoto anayatazama mauti bila kupepesa na haoni kitu nyuma yake, hata anajiua. Wapo walimu Wakristo wanaoipitisha riwaya hii haraka darasani, au wanaijibu kwa mahubiri ya dakika tano. Wanakosea. Kijana aliyeisoma kwa makini amekwisha kuona kwamba mwandishi huyu hamdanganyi juu ya kaburi. Akija mshairi wa Kikristo na kumdanganya, atamwamini nani? Hoja ya Kezilahabi yataka kujibiwa na mtu aliyesimama mahali pale pale, ukingoni, akatazama chini vile vile, kisha akasema anachokisadiki. Mtu huyo katika ushairi wetu hatujamwona, ingawa tunaamini katika vigango yupo, maana katekista yule wa Busunzu alikuwa mmoja wao. Wakimbizi wa Burundi walipofurika Kibondo kuanzia mwaka 1993, na kambi za Kanembwa, Mtendeli na Nduta kujaa, alikwenda kuzika watu ambao hata majina yao hakuyajua. Husimuliwa kwamba kila mara aliuliza jina kwanza, na lilipokosekana alikaa kimya kwa muda ule ambao jina lingetamkwa.

Neno moja kwa walimu wa Kiswahili, kabla hatujarudi kwa mjane. Wafundisheni wanafunzi historia ya neno "ajali". Katika tungo za kale ajali ni saa ya mtu iliyokwisha kupangwa, ile isiyosogea mbele wala nyuma. Leo neno hilo hilo ni gari kupinduka. Lugha yetu imekigeuza kifo cha hakika kuwa kifo cha bahati mbaya, kana kwamba kama dereva angekuwa mwangalifu tungeishi milele. Mithali isemayo ajali haina kinga ingali inasimama katikati ya maana hizo mbili, na darasa linaweza kukaa nayo kipindi kizima bila kuimaliza.

Tuliitunga tanzia ile upya. Ilituchukua miezi, nasi hatukuwa tumepata kutumia muda mrefu hivyo kwa beti nane. Tuliazimia kwamba neno la kwanza liwe lile tulilolikimbia, na kwamba tumaini liingie kwa mlango wa Bethania, yaani kupitia machozi. Ubeti wa tatu ukawa hivi:

Amekufa tumeona, shimo tumemchimbia,
Mkono wa kushikana, baridi imeingia,
Kiti chake cha mchana, hapana wa kukalia,
Tunalia, twaungana, na Bwana aliyelia.

Tukaupeleka Busunzu. Bibi alitukaribisha uani alipokuwa akipepeta maharagwe, akasikiliza mpaka mwisho, akatutaka turudie mshororo wa mwisho, tukaurudia. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akasema kwamba liko jambo moja si kweli. Kiti kile hakikai kitupu. Wajukuu wanakigombania kila siku, na mmoja amekwisha kukivunja mguu. Tukamwahidi kuusahihisha mshororo wa tatu. Mizani tunayo na vina tunavyo, lakini mpaka tunapoandika makala haya hatujaupata.