Makoloni ya Angani: Nani Atamiliki Hewa?

Kitabu cha Gerard O'Neill, The High Frontier, kilichotoka katika miaka ya 1970, bado kinasomwa, na kinasomwa hasa na wenye fedha. Mwaka 2019 Jeff Bezos, tajiri mwenye kampuni ya maroketi ya Blue Origin, alisimama Washington akautangaza upya mpango ule ule: mapipa makubwa yanayozunguka angani, yenye miji na mashamba ndani yake. Kwa hiyo makada na wanafunzi wasikiweke kando kitabu hiki kama ndoto ya wapenda hadithi.

Tuseme kwanza kilicho cha haki. O'Neill alikuwa profesa wa fizikia, Princeton, na sayansi yake ni safi. Pipa likizunguka, walio ndani hupata uzito. Pasipo uzito mifupa hupungua, kama ionekanavyo kwa wanaanga wa Kituo cha Kimataifa, ingawa hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku. Mali ghafi zitoke Mwezini, ambako mvutano ni sehemu moja tu ya sita ya ule wa Dunia. Sura hizi zinafundisha.

Kasoro inaanza pale hesabu ya fizikia inapogeuka kuwa hesabu ya fedha. Makazi ya kwanza, ya watu 10,000, yatalipa gharama zake kwa kuunda satelaiti za kukusanya nguvu za jua na kuiuzia Dunia umeme. Hapo tunauliza swali ambalo mwandishi amelikwepa: mitambo hiyo ni ya nani? Mkulima anayenyang'anywa shamba hubakiwa na pumzi yake. Angani hata pumzi ni zao la mtambo. Katika Kituo cha Kimataifa oksijeni hupatikana kwa kuyapasua maji kwa umeme, na mkojo husafishwa ukanywewa tena. Lakini mitambo ile ni mali ya mataifa. Ikiwa ni mali ya kampuni, mfanyakazi atagomaje wakati mwajiri ndiye ameshika bomba la hewa? O'Neill anasema hataki kuwapangia wakazi namna ya kujitawala. Huo si uhuru. Mahusiano ya uzalishaji mali hayangoji uchaguzi. Yanaingia siku ile ile mkopo unapotiwa sahihi.

Tunaambiwa pia kwamba safari hii hakuna mwenyeji wa kunyang'anywa. Kwa Mwezi, ni kweli. Lakini satelaiti zile za umeme zingekaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita kama 36,000, na Desemba 1976, huko Bogotá, nchi za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda, Kongo na Zaire, zilitamka kwamba sehemu ya njia hiyo iliyo juu yao ni yao. Kisheria dai lilikuwa dhaifu, maana Mkataba wa 1967 unakataza taifa lolote kujitwalia anga za juu, na wakubwa walilipuuza. Hata hivyo lilionyesha kwamba "utupu" ule una foleni, na waliofika mwanzo ndio wenye roketi. Mkataba wa Mwezi wa 1979, uliouita utajiri wa huko urithi wa pamoja wa wanadamu, haukukubaliwa na Marekani, Urusi wala China. Mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria ya kuwaruhusu raia wake kumiliki madini watakayoyachimba huko.

Matumaini ya O'Neill yalisimama juu ya chombo cha Shuttle, kilichoahidiwa kuruka mara nyingi kila mwaka kwa bei nafuu. Kiliruka mara 135 tu, toka 1981 hadi 2011. Kituo cha Kimataifa, chenye watu bila kukatika tangu Novemba 2000, huchukua wanaanga saba kwa kawaida, wala si elfu kumi. Na sasa, mpango wa NASA ni kwamba kituo hicho kikishaangushwa baharini, vituo vitakavyofuata viwe vya makampuni, na NASA yenyewe iwe mpangaji.