Mpira Usio na Mwenyewe

Katika soko la Ariwara, mji wa mkoa wa Ituri, Kongo, ulio jirani na mpaka wa Uganda, mipira ya plastiki huning'inia ndani ya nyavu kama machungwa. Inang'aa, bei yake si kubwa, na ikigusa mwiba tu, mchezo umekwisha.

Kuna mpira mwingine, hauuzwi. Huanza na soksi iliyopoteza mwenzake, ikazungushiwa mifuko ya plastiki mmoja juu ya mwingine, kisha ikakazwa kwa kamba za mgomba. Fundi, ambaye aghalabu hajafika miaka 12, hupitisha kamba huku na huku, halafu huubonyeza kwa kidole gumba akitafuta upande uliolegea. Akiupata, hufumua nusu ya kazi na kuanza upya. Hauruki sana mpira huo, lakini hausumbui mguu. Dar es Salaam mchezo wake huitwa chandimu. Na kule Bauru, Brazili, Pelé mwenyewe alianza na soksi iliyosindiliwa magazeti.

Mmoja kaleta kamba, mwingine mifuko, na yule asiyejua kukimbia ndiye anayejua fundo. Utamwacha nje vipi? Mpira wa dukani una mwenyewe: akifungwa magoli mawili anaukwapua, huyoo kwao, wenzake wanabaki kutazamana.

Filamu ya Africa United ya mwaka 2010 ililijua hilo. Inaanza na Dudu, mtoto wa Rwanda, akiunda mpira kwa kondomu, mfuko na kamba. Hodari wa kusakata ni rafiki yake Fabrice, lakini hadithi anaiendesha Dudu. Wanapanda basi silo, wanajikuta Kongo, na safarini kuelekea Kombe la Dunia la Afrika Kusini wanaandamana na mvulana aliyetoroka wanamgambo. Kwa mtazamaji wa Ituri, mvulana huyo si wa sinema tu.

Tofauti na filamu hiyo, vitabu vingi vya hadithi za shule huanzia mbele mno: jezi zipo, mwalimu ana filimbi, mpira umeshapatikana, kilichobaki ni kumhubiria mhusika ushirikiano.

Malighafi ya mpira wa soksi nayo inaondoka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Nani alilie taka zilizoziba mitaro? Ila watoto hawakuulizwa.

Migomba bado ipo. Magome yake hukauka yakining'inia shinani, na siku hizi anayeyavuta ni mbuzi.