Bei ya Haki ya Subaru Iliyotembea

Katika yadi za magari za Ngong Road jijini Nairobi, mnunuzi anayesimama mbele ya Subaru Impreza WRX STI ya bluu huchungulia mita kabla hajafungua boneti. Akiona kilomita 62,000 uso unakunjuka. Akiona 174,000 anaanza kutafuta namna ya kuaga kwa heshima. Muuzaji anaijua tabia hiyo, na dalali anaijua zaidi. Fundi aliyeletwa kukagua ndiye pekee ambaye namba hiyo haimtoshi. Yeye anataka kujua kilomita hizo zilitembewa vipi, zilitembewa na nani, kwa oili ya namna gani, kisha ayageuze majibu kuwa shilingi. Huo ni ujuzi mkubwa, na unastahili sifa kubwa kuliko zile unazopewa.

Serikali yenyewe haimsaidii sana. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya kinakataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na jedwali la uchakavu linalotumiwa na Mamlaka ya Mapato kukadiria thamani ya gari la mtumba nalo linahesabu miaka. Kilomita hazimo. Magari mawili ya aina moja na mwaka mmoja yanalipiwa ushuru sawa bandarini Mombasa, hata kama moja limetembea 40,000 na jingine 140,000. Tofauti yao inageuka pesa mara tu yanapofika yadi, na ndiyo maana mita hurudishwa nyuma. Aliyenunua gari lililochoka kwa bei nafuu kule Japani anaweza kuliuza hapa kwa bei ya gari bichi, mradi namba kwenye dashibodi ikubali kusema uongo.

Kule Japani nako kilomita 100,000 ni mpaka unaoogopwa. Gari likiuvuka, bei yake huporomoka kuliko uchakavu wake unavyostahili. Kwa STI, woga huo una chanzo: injini ya EJ20, ambayo ndiyo moyo wa STI za soko la Japani, ina mkanda wa taiming unaotakiwa kubadilishwa karibu na umbali huohuo, na mkanda ukikatika injini ikiwa kwenye mzunguko, pistoni hukutana na valvu na valvu hupinda. Wenye magari wengi huona afadhali kuliuza gari kabla gharama hiyo haijawafikia. Kwa hiyo STI yenye kilomita 97,000 inayosifiwa kwamba haijatembea sana mara nyingi ni gari ambalo bili yake kubwa bado haijalipwa, wakati ile ya 130,000 inayokimbiwa na wanunuzi huenda imekwisha kubadilishiwa mkanda, rola zake na pampu ya maji. Mkaguzi anayefahamu hili anaweza kuipa gari iliyotembea zaidi bei kubwa zaidi, naye atakuwa sahihi.

Ushahidi wake haupo mbali. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika stika ndani ya chumba cha injini wanapobadilisha mkanda, nayo huandikwa tarehe na kilomita. Stika nyingine ndogo, ya kumwaga oili, hubandikwa pembeni mwa mlango wa dereva. Huandikwa kwa Kijapani, lakini tarakimu ni zilezile zinazosomwa Nairobi na Dar es Salaam. Anayerudisha mita nyuma hukumbuka kusafisha dashibodi na kusahau kibandiko hicho chenye ukubwa wa kiberiti. Fundi hufungua mlango, akainama, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma kwamba oili ilimwagwa mara ya mwisho kwenye kilomita 118,400. Anainua macho kutazama mita inayoonyesha 71,000. Hapo hahitaji kubishana na mtu.

Kisha zipo karatasi. Mnada wa Japani hutoa fomu ya ukaguzi yenye daraja la gari zima, kuanzia 5 na 4.5 kwa yaliyotunzwa vizuri hadi R kwa yaliyowahi kugongwa na kutengenezwa, pamoja na mchoro wa bodi uliojaa herufi: A kwa mkwaruzo, U kwa bonde, W kwa sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX kwa paneli iliyobadilishwa. Upo pia ukaguzi wa lazima wa serikali ya Japani uitwao shaken, ambao gari dogo jipya huupitia baada ya miaka mitatu na baadaye kila baada ya miwili, na cheti chake huandikwa usomaji wa mita. Karatasi hizi zikipangwa kwa tarehe zinaonyesha gari lilikwenda kilomita ngapi kwa mwaka. Mwaka mmoja ukionekana umerudi nyuma, biashara imekwisha.

Lakini hata namba ya kweli haisemi kila kitu. Gari lililotembea kilomita 100,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa, kwenye foleni za mjini, injini yake imefanya kazi saa 5,000. Lile lililozikata kwenye barabara kuu kwa wastani wa 60 limefanya kazi saa 1,667. Mita inaonyesha namba moja kwenye magari yote mawili. Fundi anayetaka kujua ni lipi lililo mbele yake huangalia mahali mwili wa binadamu unapogusa gari: raba ya pedali ya klachi, ngozi ya usukani pale mikono inapokaa, nobu ya gia, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, ambao dereva huukandamiza kila anaposhuka. Kwenye foleni klachi hukanyagwa mara nyingi kupita kiasi, na raba yake hulika hadi chuma kuchungulia. Gari la safari ndefu linaweza kuwa na kilomita nyingi na bado pedali zake zikawa na mistari yake yote.

Sehemu tamu ya kazi hii ni alfajiri, injini ikiwa baridi. Mkaguzi mzoefu huomba gari lisiwashwe kabla hajafika, na akifika jambo la kwanza ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, anaketi kusubiri, au anarudi kesho, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha mambo. Ikiwa baridi, anachomoa kijiti cha oili, anakipangusa kwa karatasi nyeupe na kuisogeza kwenye mwanga wa jua, akitafuta chembe zinazometa. Chembe za metali kwenye oili ni beringi zinazoliwa. Anainusa pia, kwani oili inayonuka petroli inamweleza habari nyingine.

Ndipo linawashwa. EJ20 ni injini ya boksa: silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, na pistoni zinazotazamana huenda nje na kurudi ndani kwa pamoja. Ikiwa baridi, nyingi hugonga kidogo kwa sababu pistoni hazijatanuka, na mlio huo hufifia joto likipanda. Huo si ugonjwa wa kumtisha mtu. Ule wa kuogopwa una tabia kinyume: unakuja kutoka chini kabisa, mzito, nao unazidi kadiri oili inavyopata moto na kuwa nyepesi, hasa mguu unapoachia mafuta. Hizo ni beringi za fimbo za pistoni. Mafundi wa Tanzania wakiusikia husema injini imenoki, na neno hilo peke yake linaweza kushusha bei kwa gharama ya injini nzima. Kutofautisha milio hiyo miwili kwenye Subaru si kazi ndogo, maana ngurumo inayopendwa na vijana, ile itokanayo na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana, hufunika kila kitu. Fundi hujitenga na ekzosi, akapiga magoti mbele ya bampa, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini wake sikioni. Muuzaji anaendelea kueleza jinsi gari linavyokimbia. Fundi hamsikii.

Baada ya sikio, vipimo. Plagi za boksa zimejificha ubavuni, karibu na fremu ya gari, na kuzitoa kunachubua vidole, kwa hiyo wengi hukwepa kupima kompresheni. Asiyekwepa anapata picha ya kila silinda peke yake, na kinachomhangaisha ni tofauti baina ya silinda kuliko ukubwa wa namba. Tatu zikilingana na moja ikabaki nyuma, anaisukumia hewa ya kompresa silinda hiyo na kusikiliza inakotorokea. Ikipulizia kwenye mdomo wa oili, ringi zimekwisha. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu za kutolea. Ikirudi kwenye njia ya hewa, ni valvu za kuingizia. Na maji ya rejeta yakitoa mapovu, gasketi ya silinda hedi imeachia. Kipimo kimoja, majibu manne, na kila jibu lina bei yake kwenye duka la spea la Kirinyaga Road.

Halafu kuna swali la kama gari ni STI kweli. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akarudia ushindi huo kwa Impreza mwaka 2000, na tangu hapo rangi ya bluu yenye rimu za dhahabu imekuwa na bei yake ya mapenzi Kenya nzima. Herufi za waridi za STI zinauzwa rejareja na yeyote anaweza kuzibandika kwenye Impreza ya kawaida. Kwa kizazi cha 2000 hadi 2007, namba ya chesisi ya STI ya Japani huanza na GDB, wakati WRX ya kawaida ni GDA. STI ina giaboksi ya gia sita. WRX ya wakati huo yenye gia za mkono ina tano. Bawa la nyuma halithibitishi kitu.

Yote hayo yakishajulikana, hesabu inaanza. Namba zifuatazo ni za kuonyesha njia, si bei za soko. Tuseme STI za mwaka huo na hali ya kawaida zinauzwa 2,000,000. Hii imetembea sana, mkanda wa taiming haujabadilishwa, 70,000. Klachi inateleza, 120,000. Shokapu za mbele zinavuja, 60,000. Tairi nne zimekwisha, 100,000. Jumla ni 350,000, na mnunuzi mwenye tamaa hutaka kuikata yote. Mkaguzi wa haki hakati yote. Gari lolote la mtumba huja na tairi zilizoliwa nusu, na bei ya 2,000,000 ilikwisha kulihesabu hilo, kwa hiyo kwenye tairi anakata 50,000 tu. Anafikia 1,700,000. Kukata uchakavu uleule mara mbili ni dhuluma sawa na kurudisha mita nyuma, ila tu mdhulumiwa ni muuzaji.

Hapo ndipo ujuzi huu unapoonyesha utu wake. Mtathmini wa kweli hupandisha bei pia. Akikuta injini iliyoshushwa na kufanyiwa ovahaulo, huuliza karatasi ya fundi mashine: krenki ilipimwa ikapatikana ngapi, silinda zilichongwa kiasi gani, beringi ni za saizi gani. Vipimo vikiwepo, anaongeza sehemu ya gharama ile, kwani mnunuzi anapokea miaka ambayo mwingine ameilipia. Visipokuwepo, haongezi hata senti, maana injini iliyofunguliwa na mtu asiyejulikana ni hatari kuliko ile ambayo haijaguswa. Na muuzaji akikataa gari lisipimwe kompresheni, fundi hakasiriki. Anahesabu tu kana kwamba injini inahitaji kubadilishwa, anataja bei hiyo, na kumwachia mwenye gari uamuzi.

Mwaka 2019 Subaru ilitangaza toleo la mwisho la STI yenye EJ20 kwa soko la Japani, magari 555 tu, na injini hiyo ikafikia kikomo baada ya miongo mitatu. Kanuni ya miaka minane ikibaki ilivyo, baada ya muda mfupi hakuna nyingine itakayoingia Kenya, na zitakazobaki sokoni zitakuwa zilizotembea sana peke yake. Anayeitamani moja leo amtafute kwanza fundi anayezijua boksa, amlipe ada yake kamili hata kama jibu litakuwa usinunue, na asitoe arbuni kabla plagi zote nne hazijatoka. Naye mwenye nayo aanze leo kuhifadhi risiti za oili, na stika ya mlangoni asiibandue.