Daraja la Charles halikubebwa na mayai

Video nyingi kuhusu Daraja la Charles, mjini Prague, hazikosi kusimulia mayai: eti mafundi waliyachanganya kwenye chokaa, ndiyo maana daraja lililoanza kujengwa 1357 bado limesimama. Hadithi tamu, ila inatupotosha.

Tao la mawe halisimami kwa gundi. Mawe yake huchongwa kama kabari; uzito huyabana yasukumane, na msukumo huo hushuka hadi kwenye nguzo. Jiwe likibanwa ni gumu kweli. Likivutwa, hupasuka upesi. Chokaa kazi yake ni kujaza mianya na kusambaza mzigo. Ndiyo maana wakati wa ujenzi tao hushikiliwa na kiunzi cha mbao mpaka jiwe la mwisho, la kileleni, likae.

Adui yuko chini, majini. Daraja la Judith, lililotangulia hili, lilibomolewa na mafuriko ya 1342. Mwaka 1890 magogo yaliyosombwa na mto Vltava yaliziba matao, maji yakachimba misingi, na sehemu ya daraja ikaanguka. Hapo mayai yalisaidia nini?

Kwa hiyo ukikutana na daraja la kale, usianze kuuliza limechanganywa na nini. Uliza nguzo zake zimekalia nini.