Ujuzi wa Mkulima wa Manjano Haupimwi kwa Wastani

Zaidi ya 70% ya manjano yote duniani huzalishwa India, na huko tafiti nyingi za ugani hupima ujuzi wa wakulima kwa utaratibu mmoja. Mkulima huulizwa maswali kuhusu kanuni bora za kilimo cha zao hilo, kila jibu sahihi hupata alama moja, kisha alama hujumlishwa. Wakulima hugawanywa katika makundi matatu, la chini, la kati na la juu, kwa kutumia wastani wa alama zao wenyewe na mkengeuko sanifu mmoja juu na chini ya wastani huo. Hapo ndipo penye kasoro. Alama zikiwa na msambao wa kawaida, takriban 68% ya wakulima wataangukia kundi la kati, wawe wanajua mengi au machache. Kusema kwamba wengi wana ujuzi wa kati ni kueleza kipimo chenyewe, si hali ya shamba.

Kasoro ya pili ni kuzipa kanuni zote uzito sawa. Manjano hupandwa kwa vipande vya mavuno ya msimu uliopita, na vimelea vya Pythium vinavyoyaozesha huweza kuhamia shamba jipya pamoja na mbegu, kisha vikashamiri penye maji yaliyotuama. Kwa hiyo kuchagua mbegu isiyo na madoa wala ulaini, kuiloweka dakika 30 kwenye dawa ya mankozebu, kuianika kivulini na kuinua matuta ndiko kunakoamua kama baada ya miezi 7 hadi 9 kutakuwa na cha kuvuna. Anayeyajua mengine yote ila haya atapata alama nzuri, na shamba lake litaoza.

Watetezi wa utaratibu huo husema jumla moja hurahisisha kulinganisha wilaya. Ni kweli, ila mipaka ya makundi ipangwe kabla ya kuhoji. Wengine husema kikwazo ni fedha, si ujuzi, kwani hekta moja hutaka karibu tani 2.5 za mbegu. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu ya kumtenganisha asiyejua na anayejua lakini hamudu: wa kwanza anahitaji mafunzo, wa pili mkopo. Bwana shamba wa Nizamabad, India, sawa na mwenzake wa Muheza, Tanzania, apewe matokeo ya kila kanuni peke yake, yakianza na mbegu.