Mfalme wa Urusi mwenye lafudhi ya Paris

Henri Garat hakustahili kupewa nafasi ya Mfalme Alexander katika toleo la Kiingereza, basi. Sinema yenyewe, Congress Dances, ilitoka studio ya Ufa mwaka 1931 kwa lugha tatu, na mtayarishaji Erich Pommer tayari alikuwa na Garat kwenye toleo la Kifaransa, magwanda yakiwa mwilini. Akaona amalize naye na Kiingereza. Ubahili huo ndio ulioiangusha kazi.

Itazameni tena bustani ya mvinyo, Christel anapokunywa na Alexander bila kujua ni nani. Lilian Harvey, anayemcheza Christel, ni mzaliwa wa London. Kiingereza kinamtoka bila jasho. Garat anajibu kwa tahadhari, kila neno likipimwa kwanza, na mzaha unafika umeshapoa. Muuza glavu wa Vienna ndiye anayesikika bibi wa kasri, na mtawala wa Urusi anasikika mgeni aliyepotea njia. Baya zaidi, Garat anabeba nafasi mbili: Alexander na Uralsky, mbadala wake anayefanana naye, mzito wa akili. Sura ni moja, mavazi ni yaleyale. Wa kuwatenganisha ni ulimi tu, na lafudhi ya Paris imewafunika wote wawili. Halafu kuna Waziri Metternich wa Conrad Veidt, kajilaza kitandani akinasa maneno ya watu kwa mabomba yake ya kusikilizia! Sinema inayochezea masikio kiasi hicho, sikio la mtazamaji ikalidharau.

Mtanivumilia nikimtaja mwongozaji Lubitsch. Katika The Love Parade, 1929, mwigizaji Chevalier naye hakuwa na Kiingereza safi, lakini Lubitsch aliligeuza tatizo kuwa kichekesho: mhusika anaeleza kwamba lafudhi aliipata kwa mke wa daktari huko Paris. Mzaha mmoja, kesi imekwisha. Hata Pommer mwenyewe, katika The Blue Angel ya Kiingereza, alimfanya mwigizaji Jannings mwalimu wa Kiingereza, tukapata sababu ya Wajerumani kuhangaika na lugha ile. Ilikuwa 1930. Alisahau upesi hivyo?

Mengine katika Congress Dances ni mazuri. Safari ya Christel garini, kamera ya Carl Hoffmann ikimfuata toka dukani hadi nje ya mji, haina dosari. Viti vitupu vinavyobembea kwa muziki, vivyo hivyo; mwongozaji Erik Charell alijua kazi yake.

Anayetaka kumwona Alexander aitafute ya Kijerumani, amtazame Willy Fritsch. Hii ya Kiingereza ni ya Harvey na Veidt tu.