Nani Alivuka Kutoka Manda?

Utotoni mwangu Bariadi kulikuwa na kibanda cha video, na ndimo nilimoitazama Escape from Alcatraz, filamu ya Don Siegel ya mwaka 1979. Tulitoka tunabishana: wale jamaa watatu walipona au walizama? Mimi nilikuwa upande wa waliopona. Juzi nimeirudia, na safari hii swali lenyewe limenipa shida.

Kisa ni cha kweli. Usiku wa Juni 11, 1962, Frank Morris na ndugu wawili, John na Clarence Anglin, waliondoka Alcatraz kwa boya la makoti ya mvua. Hawakuonekana tena. FBI walifunga jalada mwaka 1979 wakiamini walizama. Siegel yeye anatuachia ua ufukweni, tuondoke na matumaini. Ni mwisho mtamu, lakini unakwepa. Kwa filamu hii adui ni ukuta na maji tu. Ukishavuka, umeshinda.

Sisi watu wa Binza hatudanganyiki kirahisi hivyo. Ukishuka Lamadi, kule ziwani, ukasema "mwangaluka", mtu anajua papo hapo kama wewe ni wa huku au umejifunza jana. Sasa mtoro atajificha wapi wakati mdomo wake mwenyewe unamsema?

Ndiyo maana nawashauri msome shajara ya Gakaara wa Wanjau, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, iliyotoka kwa Kigikuyu mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Mimi nimeisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya 1988. Gakaara alikamatwa Oktoba 20, 1952, usiku ule wa hali ya hatari Kenya, na baadaye akapelekwa kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu.

Ramani inashangaza. Mkondo kati ya Manda na Lamu ni mwembamba, jahazi linavuka mara moja. Ukilinganisha na Alcatraz, utasema hapa mtu anatoroka kabla ya chai. Lakini avuke aende wapi? Manda maji ya kunywa ni shida, na upande wa bara kuna mikoko. Akifika Lamu, Mgikuyu wa milimani ataamkia Waamu kwa Kiswahili kipi asijulikane? Naamini waliochagua kisiwa kile walilijua hilo. Kwa hiyo jibu langu ni hili: kuvuka angeweza, kupona bila mwenyeji asingeweza.

Shajara ina udhaifu wa shajara zote. Siku zinafanana, na msomaji wa haraka atachoka. Lakini vumilieni, jamani. Kufanana kule ndiyo kifungo chenyewe, na hakuna filamu inayothubutu kukuchosha hivyo.

Gakaara hakutoroka. Alihamishwa kambi hadi kambi, Athi River, kisha Hola, huku akiandika kwa siri. Yeye alibaki ndani kwa miaka, maandishi yakatoka. Na yalipotoka yalikuta wenyeji: watu wanaosoma Kigikuyu, waliolijua lile jambo kabla ya kufungua ukurasa.

Morris na wenzake bado tunawabishania. Gakaara mimi ninaye hapa mezani, na kitabu kimeshaanza kuachia kurasa kwa kuazimwa.